Seva iliyokuwa inakufa usingizini

Ilikuwa simu ya kila Jumatatu. Saa mbili kasoro robo, kikombe cha chai bado kiko mkononi, jina la mama wa hesabu linatokea kwenye kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imelala tena."

Hataji kilicholala, wala mimi siulizi. Navaa viatu, nadandia bodaboda, na kabla ya saa tatu nimeshachuchumaa chini ya ngazi za duka la jumla la dawa pale Kariakoo, nikiitazama seva, kompyuta kuu inayohudumia kaunta zote, niliyoiunga kwa mikono yangu mwenyewe. Taa inawaka. Feni zinazunguka. Skrini nyeusi. Kule kaunta wauzaji wanaandika oda kwa kalamu kwenye karatasi za kufungia dawa, na wateja wa mikoani walioshuka na basi alfajiri wananiangalia mimi kana kwamba nimewaibia.

Mchezo huo ulichukua miezi saba ya mwaka 2019. Nauandika kwa urefu kwa sababu nilikosea karibu kila mahali pa kukosea, na kwa sababu kila kifaa nilichokishuku, ukikipima peke yake, kilikuwa kizima.

Kwanza mashine yenyewe. Bosi alikuwa ameletewa bei ya seva mpya ya kiwandani, yenye pawa saplai mbili, vile visanduku vinavyoipa mashine umeme, na dhamana ya miaka, akaisoma mara mbili kisha akaifunika kifudifudi mezani. "Fundi, mimi nauza dawa, sirushi ndege." Mimi nikaona nafasi ya kujionyesha. Nikamwambia nitamuungia seva kwa robo ya bei ile, na itafanya kazi ileile. Nikanunua prosesa ya Ryzen 5 1600, kori 6 na nyuzi 12, yaani kila kori inashika kazi mbili kwa wakati mmoja. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ya soketi ya AM4 yenye chipseti ya B350, mtengenezaji wake simtaji kwa kuwa sina kesi naye. RAM mbili za DDR4, GB 8 kila moja. SSD ndogo ya mfumo. Na diski mbili za TB 2 nilizozifunga pamoja kwa RAID 1, yaani kila moja inabeba nakala ya mwenzake. Prosesa ile haina picha yake yenyewe, kwa hiyo nikachomeka kadi ya grafiki kuukuu iliyokuwa inakula vumbi nyumbani. Pawa saplai nayo niliitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Wati 600, kwa mujibu wa stika. Nikapandisha Ubuntu Server 18.04, nikaweka programu ya mauzo, nikapanga bakapu ianze kila siku saa saba usiku. Wiki ile ya kwanza nilikuwa naingia pale dukani natembea kama bwana harusi.

Watu wakisema mashine "imestaki" wanachanganya mambo matatu. Kuna kuzimika, kuna kujizima na kujiwasha upya, na kuna kuganda. Yangu ilikuwa inaganda, na kuganda kwenyewe kuna daraja zake. Kipimo cha haraka kinachohitaji kibodi tu ni kubonyeza Caps Lock na kutazama kile kitaa kidogo. Kikiwaka na kuzimika, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, bado iko hai, tatizo liko juu, kwenye programu au kwenye picha. Kisipobadilika, jaribu Alt pamoja na SysRq na herufi b, ambayo ni amri ya kuiambia kerneli ijiwashe upya hata kama kila kitu kingine kimekwama. Hakikisha mapema kwenye mipangilio kwamba imeruhusiwa, usisubiri siku ya msiba. Kwangu Caps Lock haikubadilika, SysRq haikujibu, na ping kutoka kaunta, ule mwito wa mtandao wa kuuliza kama mashine ipo, haikurudi. Mashine ilikuwa maiti iliyosimama wima macho wazi.

Mjini Dar mshukiwa wa kwanza wa chochote ni umeme. Mama wa hesabu alikuwa na hakika, mlinzi alikuwa na hakika, muuza maji pale nje alikuwa na hakika. Tukanunua stabilaiza, tukanunua na UPS. Jumatatu iliyofuata ikaganda na UPS ikiwa imejaa chaji, inapiga mlio wake wa afya njema pembeni. Mshukiwa wa pili joto. Nikasugua vumbi kwa brashi ya rangi, nikabadilisha krimu ya prosesa, nikaongeza feni nyuma. Mpwa wa bosi, anayesoma chuo, akasema ni virusi. Huyo nilimkatalia, lakini usiku nilikagua kimyakimya.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonichelewesha kuliko yote. Programu ya mauzo ilikuwa inakua, nikaona niongeze kumbukumbu kabla ya kuendelea na uchunguzi. Nikanunua RAM nyingine mbili za GB 8. Stika ileile, rangi ileile, kasi ileile iliyoandikwa, 3000. Nikajaza nafasi zote nne, nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine, nikachagua ile profaili ya kuziendesha kwa kasi ya stika, nikafunga kava.

Kuanzia wiki ile seva ikaanza kuganda mchana pia.

Unajua ukienda zahanati na homa, unatoka na cheti kimeandikwa malaria na UTI? Tunacheka, lakini kuna siku mtu anakuwa nayo yote mawili kweli. Seva yangu ilikuwa na magonjwa mawili, na mimi nikaendelea kutafuta moja. Kila dawa niliyoipa ilileta nafuu nusu, na nafuu nusu ndiyo inayompoteza fundi. Nikigusa RAM, mchana inatulia siku tano, nashangilia, Jumatatu inaganda. Nahitimisha kwamba RAM haihusiki, nairudisha ilivyokuwa, Jumatano saa nne asubuhi inaganda wateja wamejaa. Nilikuwa nazunguka kama punda wa kinu.

Kilichonitoa ni kaunta buku la shilingi elfu tatu. Nilimpa mama wa hesabu, nikamwomba kila ikilala aandike tarehe, saa, na kitu gani kilikuwa kinafanyika dukani. Yeye ni mhasibu wa zamani, hakuniandikia tu, alichora mistari kwa rula. Mimi upande wangu niliandika mstari wa mwisho uliobaki kwenye logi, daftari la mashine yenyewe, kabla ya kimya. Baada ya wiki nne tukaketi naye, tukalisoma pamoja, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hizi mbona ni mbili?"

Ni kweli zilikuwa mbili. Za mchana zilitangulia na fujo: programu moja inaanguka yenyewe, hifadhidata inalalamika ukurasa umeharibika, kerneli inaandika makosa yasiyofanana, leo hapa kesho pale, halafu ndiyo inaganda. Za usiku hazikuwa na chochote. Mstari wa mwisho ni wa kawaida, wa saa nane na dakika kadhaa usiku, kisha hakuna kitu mpaka nilipowasha mwenyewe.

Nikaanza na za mchana. Nilikuwa nimeshaipima RAM kwa memtest zamani, raundi moja, ikapita, nikaridhika. Safari hii niliiacha usiku kucha. Zile mbili za kwanza peke yake: safi. Mbili za pili peke yake: safi. Zote nne pamoja: raundi ya tatu, mistari myekundu. Nikazitoa, nikazipanga kwenye gazeti chini ya taa, nikazitazama kama muuza mitumba anavyotazama mshono. Stika zinafanana, ila za kwanza zina vipande vyeusi vya kumbukumbu upande mmoja tu, za pili zina vipande pande zote mbili. Kwa lugha ya mafundi, za kwanza ni za safu moja, za pili za safu mbili. Jina moja sokoni, tumbo tofauti.

Na hapo ndipo nilipofungua maelezo rasmi ya prosesa, kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kununua hata skrubu. Kizazi kile cha kwanza cha Ryzen kinakubali kasi kulingana na idadi na aina ya RAM: mbili za safu moja, hadi 2667, mbili za safu mbili, 2400, nne za safu moja, 2133, nne za safu mbili, 1866. Namba 3000 iliyokuwa kwenye stika ilikuwa ahadi ya muuza RAM. Prosesa haikuwahi kuahidi kitu kama hicho. Ukiijaza nafasi zote nne, mzigo wa umeme kwenye nyaya za mazabodi unaongezeka, na ile saa ya kupokezana data inakosa nafasi ya kupumua. Kwa mtu anayecheza gemu, kosa moja kwa siku mbili ni picha kuruka. Kwenye hifadhidata ya dawa ni hesabu ya stoo iliyopotoka.

Watengenezaji wa mazabodi huwa wanatoa orodha ya RAM walizozipima wao wenyewe kwenye bodi hiyo, kwa namba kamili ya modeli, wala si kwa rangi ya stika. Zangu za pili hazikuwemo. Niliziondoa, nikauza kwa hasara kwa kijana wa gemu, nikaagiza jozi moja ya GB 16 kila moja iliyokuwa kwenye orodha, nikaiweka 2400. Tangu siku hiyo haikuganda mchana hata mara moja.

Za usiku zikabaki palepale.

Nilidhani sasa itakuwa rahisi, adui amebaki mmoja. Nikaweka netconsole, ambayo ni njia ya kuifanya kerneli itupe maneno yake kupitia waya wa mtandao kwenda mashine nyingine papo hapo, bila kusubiri kuyaandika kwenye diski. Mashine ikifa ghafla, diski haipati nafasi ya kuandika, lakini pakiti ya UDP inaweza kuwahi kutoka. Nikaelekeza kwenye kompyuta ya kaunta namba tatu, nikaiacha wazi. Jumatatu, seva imeganda, na kaunta namba tatu haina hata herufi moja ya ziada. Nilikasirika. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba ule ukimya ulikuwa jibu. Kerneli ikikutana na kosa inalolijua, hupiga kelele. Hii haikupewa nafasi ya kupiga. Kilichokufa kilikuwa chini yake: prosesa, bodi au umeme wa ndani.

Basi nikaikaanga. Ijumaa jioni nikawasha programu ya kuzitesa nyuzi zote 12 kwa mahesabu, pamoja na nyingine ya kusomasoma diski, nikaondoka. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Jumatatu asubuhi hakuna simu. Nikafika mwenyewe saa tatu na andazi, seva inapiga kazi, nikamwambia bosi imepona, bila shaka ilikuwa RAM muda wote. Bosi akanipa mkono. Nikazima ile programu ya mateso, nikaenda zangu.

Jumanne asubuhi: "Mwanangu, imelala."

Ningeendelea kupotea kama si mlinzi wa usiku. Mzee wa Kimakonde, mtaratibu, kiti chake alikiweka karibu na ngazi kwa sababu pale kuna upepo. Nilikuwa nimelala palepale dukani usiku ule nikiisubiri ife mbele ya macho yangu, na kama kawaida ya wagonjwa, haikufa. Saa kumi alfajiri akaniambia, "Kijana, leo inapumua kwa sababu umeishika. Siku nyingine inapumua mpaka saa nane hivi, halafu inashika sauti moja mpaka kunakucha."

Nikamwomba arudie. Akafafanua: feni huwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, siku inayoharibika inafika mahali inakuwa na sauti moja tu, haipandi haishuki. Alikuwa analijua jambo hilo miezi yote. Hakuna aliyemuuliza.

Saa nane. Bakapu inaanza saa saba, inamaliza kama saa saba na dakika arobaini. Kwa hiyo seva haikuwa inakufa kwenye bakapu, kama nilivyokuwa nimedhani kwa muda mrefu. Ilikuwa inakufa baada ya bakapu, kazi zote zikiisha, hakuna mtu kaunta, hakuna kitu cha kufanya mpaka asubuhi. Na mimi nilipolala pale usiku ule nilikuwa nimefungua terminali, naangalia takwimu zinazojiandika upya kila sekunde, nikiwa nimeiweka macho bila kujua. Na kule kuikaanga Ijumaa hadi Jumatatu ni hivyohivyo. Nilimpima mgonjwa wa usingizi kwa kumkimbiza uwanjani.

Prosesa za kisasa zikikosa kazi hazikai bure, zinajizima vipande vipande. Kuna hatua, zinaitwa C1, C2 na kuendelea hadi C6, kila hatua ni usingizi mzito kuliko uliotangulia. Kwenye C6 kori inahifadhi hali yake pembeni na kukatiwa umeme karibu wote. Kori zote sita zikilala pamoja, prosesa nzima inashusha mkondo mpaka unakuwa mdogo ajabu, halafu kazi ikija inaruka juu kwa ghafla. Prosesa yangu ilikuwa inafanya kile ilichoundwa kukifanya. Watumiaji wa Linux wenye prosesa za kizazi hicho walikuwa wameshalalamikia kuganda kwa namna hii tangu 2017, mashine ikiwa imekaa tu. Mimi nilikuwa natafuta "seva inaganda ikizidiwa", kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeshaamua.

Jaribio lilikuwa mstari mmoja. Kwenye mipangilio ya kuwashia kerneli nikaongeza processor.max_cstate=1, nikaiwasha upya. Maana yake: sinzia, lakini usilale. Jumatatu ikapita. Nyingine ikapita. Wiki tatu hakuna simu, mpaka mama wa hesabu akanipigia Jumatatu moja kuuliza kama naumwa.

Hapo fundi mwingine angefunga kazi, na simlaumu. Mimi nilitaka kujua ni nani hasa asiyeweza kuvumilia usingizi ule, kwa sababu nilikuwa na mashine nyingine mbili za namna ile kwa wateja wengine. Nikachukua mita, ile ya njano ya elfu kumi na tano, nikachomeka ncha kwenye kiunganishi kimoja cha zamani cha diski: waya wa njano volti 12, mwekundu volti 5, mweusi ardhi. Mchana, kaunta zote zinafanya kazi, njano ikasoma 12.21. Nikarudi Jumamosi usiku, nimeondoa ule mstari, diski zimepumzishwa, hakuna kazi. Njano ikapanda taratibu, 12.4, 12.6, ikasimama 12.68. Nyekundu nayo ikashuka. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani mwisho ni 12.60.

Pawa saplai nyingi za bei poa za zamani huzidhibiti volti 12 na volti 5 kwa pamoja, kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Mzigo wa upande mmoja ukiwa mwepesi mno, upande huo unapanda na mwingine unazama. Zamani haikuwa shida kwa sababu hakuna prosesa iliyokuwa inashuka kiasi hicho. Jambo hili lilishazungumzwa waziwazi mwaka 2013, prosesa za Haswell za Intel zilipotoka: zile zilitaka pawa saplai iweze kuvumilia mkondo wa ampea 0.05 tu kwenye volti 12, na watengenezaji wa pawa saplai wakaanza kuandika kwenye boksi kama zao zinaafiki. Yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Niliichomoa kwenye kaburi la mashine ya zamani nikaipa kijana wa kisasa anayelala fofofo.

Sitadai kwamba ile 12.68 ndiyo iliyoua. Mita ya elfu kumi na tano haioni mtikisiko wa nukta ya sekunde, na bila shaka mtikisiko wenyewe ndio wenye kesi. Nilichokifanya ni kubadilisha kitu kimoja kimoja. Pawa saplai mpya, yenye kudhibiti kila volti peke yake, na usingizi mzito umeruhusiwa: kutoka kuganda mara mbili kwa wiki, ikaganda mara moja katika siku kumi na tisa. Nafuu kubwa, bado haijapona. Ikabaki bodi.

Toleo jipya la BIOS la bodi ile lilikuwa limeongeza chaguo ambalo langu halikuwa nalo, limeandikwa "Power Supply Idle Control", na ndani yake unachagua "Typical Current Idle". Kwa kifupi, linaizuia prosesa isishushe mkondo hadi chini kabisa inapopumzika. Maelezo ya bodi yalionya kwamba toleo langu lilikuwa la zamani mno, ilibidi kwanza kupanda toleo la kati, kisha ndiyo la mwisho. Kuapdeti BIOS ni dakika nne ambazo umeme haupaswi hata kupepesa. Nilifanya Jumapili saa tano asubuhi, UPS imejaa, jenereta ya duka imewashwa kabisa inanguruma nje, flashi yenye faili moja tu ndani yake, na mlinzi nimemkabidhi mlango mtu asiingie kugusa swichi. Mara mbili. Sijawahi kuutazama mstari wa asilimia kwa unyenyekevu kiasi kile.

Nikachagua nilichokijia, nikaondoa ile max_cstate, nikahifadhi, nikaenda nyumbani kulala.

Jumatatu: simu.

"Imelala, mwanangu."

Moyo ulikatika. Nilipofika, hata taa haikuwa inawaka. Usiku umeme ulikuwa umekatika kwa muda wa saa sita, UPS ikaisha, na umeme uliporudi seva haikujiwasha. Ukiapdeti BIOS, mara nyingi mipangilio yote inarudi ya kiwandani, pamoja na lile chaguo la kuiambia mashine ijiwashe umeme ukirudi. Kasi ya RAM nayo ilikuwa imerudi 2133, na virtualization imezimwa. Tangu hapo napiga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kuugusa. Nilibonyeza kitufe, ikawaka, na haijaganda tena mpaka duka lilipohama mwaka 2022 na bosi, kwa hiari yake, akanunua ile seva ya kiwandani.

Zile mashine mbili nyingine zilinipa visa vyake, vifupi. Moja nilipoichomekea SSD ya M.2, diski mbili za SATA zikapotea, mteja akalia kwamba zimeungua. Kumbe kwenye bodi nyingi nafasi ya M.2 inagawana njia na baadhi ya matundu ya SATA, ukiitumia hii yale yanakufa. Imeandikwa kwenye kitabu cha bodi, ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Ya pili nilichomeka kadi ya RAID iliyong'olewa kwenye seva kuukuu, mashine ikagoma kuwaka kabisa. Kadi zile zinaongea na bodi kupitia waya mdogo wa usimamizi, na bodi ya mezani haijui lugha yake. Dawa yake inachekesha: unakata kipande chembamba cha utepe wa kuhimili joto, unafunika pini mbili tu za kadi, B5 na B6, unaichomeka tena. Nilitetemeka mkono kama naweka wanja jicho la mtoto. Ikawaka.

Ile pawa saplai ya wati 600 sikuitupa. Niliifunga kwenye kompyuta ya steshenari ya shemeji yangu Mbagala, prosesa ya zamani isiyojua kulala usingizi mzito. Inawashwa saa moja asubuhi, inazimwa saa tatu usiku, inachapa vyeti na mialiko ya harusi. Mwaka wa sita huu, haijastaki hata siku moja.